Folda ya Kumi na Mbili

1

Watu hudhani kazi ya kufuta marehemu inataka moyo mgumu. Si kweli. Inataka miwani mizuri na uvumilivu wa kukalia viti vya watu wengine. Nimeifanya miaka kumi na minane, kutoka Handeni mpaka Rombo, na kabla ya msiba wa Usangi sikuwahi kupoteza usingizi kwa ajili ya Kabati la mtu yeyote.

Mzee Mbonea alinifungulia mlango akiwa na koti zito na kofia ya sufu, mle mle ndani ya nyumba yake. Ukungu wa Upare ulikuwa umeteremka mpaka kwenye migomba ya uani, na sebule nzima ilinuka moshi na makande yaliyochemka tangu asubuhi.

"Shikamoo, mzee. Pole sana na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Ndiwe fundi wa Kabati?"

"Ndimi. Naitwa Mwantumu."

"Mbona umewahi? Mama Namkunda tumemzika juzi juzi tu. Arobaini bado mwezi mzima."

"Binti yako ndiye aliyeniita."

Hakuuliza kwa nini. Alitazama saa ya ukutani, kisha akanionyesha kigoda karibu na dirisha, mbali na meza. "Basi kaa hapo kwanza, na usiseme kitu. Saa kumi inakaribia."

Kioo cha Kabati la marehemu kilikuwa juu ya meza, mapana yake kama sinia. Mbele yake palikuwa na viti viwili. Kimoja kilikuwa kimetandikwa kitenge, na mzee hakukigusa. Alikaa kwenye kile kingine, akaweka mikono mapajani, akangoja kama mtu aliye kwenye benchi la zahanati.

Saa kumi kamili kioo kikawaka chenyewe. *Tk.* Folda ya kwanza ikafunguka, dirisha lake likajitandaza upande wa kulia. Zilikuwa nyimbo za kwaya. Orodha ikateremka taratibu, ikasimama kwenye wimbo wa tatu, ikangoja, ikaondoka. *Tk.* Folda ya mapishi.

"Sasa makande," Mzee Mbonea alinong'ona. "Ona anavyopita haraka. Makande anayajua kwa kichwa, anahakikisha tu kwamba yapo."

Hakuna mkono uliogusa kioo. Mimi nimeyaona hayo mara mia, siogopi. Ni Mazoea tu. Enzi za bibi zetu, mtu alikuwa akigonga folda mara mbili, inafunguka, anasoma majina kwa macho mpaka apate anachotaka, na kompyuta ya huyu ilikuwa sawasawa na ya yule. Kisha watu wakaanza kuchagua. Huyu anataka kugonga mara moja, yule mara mbili. Huyu anataka kila folda ifunguke kwenye dirisha jipya, yule anataka dirisha lile lile. Kuna aliyetaka kitufe cha "rudi" kimpeleke alikotoka, na kuna aliyetaka kimpandishe ngazi moja juu. Baadaye Kabati likaanza kuchagua lenyewe. Likajifunza mkono wako, mwendo wako, mahali unaposita. Mimi nikiwa shuleni, tayari hakuna aliyekumbuka vitu vyake aliviweka wapi. Unaweka mkono kwenye kioo, Kabati linakupeleka. Majina ya folda yakafichwa kwa sababu hakuna aliyeyasoma. Hata kufuli ikawa ni mwendo wenyewe: faili humfungukia yule tu anayeliendea kama mwenyewe anavyoliendea.

Mtu akifa, Mazoea hayafi. Saa zake zikifika, Kabati linapita njia zake. Sisi mafundi tunaita kutembea. Siku arobaini tunaliacha litembee. Siku ya kuanua tanga naitwa, na familia inachagua moja kati ya mawili. Kufuta, ambapo Mazoea yanaondoka na folda zote zinalala wazi kwa majina yake, asome anayetaka. Au kugandisha, ambapo kila kitu kinabaki kama picha na hakitembei tena. La tatu halipo. Siku unapokabidhiwa ufunguo wa kazi unaapa jambo moja kabla ya mengine yote, kwamba fundi hamfundishi marehemu.

Nilitazama mipangilio yake nikiwa pale pale kwenye kigoda. Kugonga mara moja. Dirisha lile lile. Kufungukia kulia, yaani mama huyu alitumia mkono wa kushoto, maana Kabati hufungua dirisha upande ambao mkono hauufuniki. Na kitufe cha "rudi" hakikuwepo. Alikiondoa.

"Mama hakupenda kurudi nyuma, eh?" nikauliza, nikisahau kwamba nimekatazwa kusema.

Mzee alicheka kidogo. "Kabisa. Hata akisahau mwavuli nyumbani, harudi. Ananirudisha mimi."

Kisha akanyoosha kidole. "Angalia hapa. Hapa husita kila siku."

Alama ya mwanga ilitoka kwenye mapishi, ikashuka, ikasimama mahali penye kioo kitupu. Ikangoja kiasi cha pumzi moja. Halafu ikaruka pembeni, kama ng'ombe aliyewahi kuteleza kwenye daraja, ikaenda kwenye picha za paa jipya la nyumba. Ikatulia hapo, kioo kikazima.

"Sijui pana nini pale," mzee akasema.

Mimi nilijua. Na ndicho kilichokuwa kimenipandisha mlima.

2

Namkunda alikuwa hospitali ya rufaa mjini, na mtoto wake wa kwanza, wa siku kumi na mbili. Alinipigia asubuhi ile akilia kwa hasira, na watu wanaolia kwa hasira mimi huwasikiliza kuliko wanaolia kwa huzuni. Mtoto alizaliwa salama. Alinyonya siku tatu, kisha akaanza kulala kama jiwe. Sasa alikuwa hanyonyi kabisa. Daktari alimweleza kwamba huenda ni damu yake haiwezi kuvunja aina fulani ya chakula, na zipo aina tatu za ugonjwa huo. Dawa na maziwa ya moja ni sumu kwa nyingine. Vipimo vingerudi baada ya siku sita, na mtoto hakuwa na siku sita.

Kisha daktari akauliza kama kwenye ukoo yupo mtoto mwingine aliyekufa mchanga.

Alikuwepo. Dada yake Namkunda, aliyemtangulia kwa miaka mitatu. Alifariki akiwa na siku tisa. Mzee Mbonea wakati huo alikuwa Mererani, chini ya ardhi, anachimba mawe, na habari ilimfikia kaburi likiwa limeshaota nyasi. Mama Namkunda hakulisema tena jambo lile mpaka naye anakufa. Lakini alikuwa muuguzi wa zahanati, na muuguzi haachi kuandika. Madaftari ya zahanati yaliliwa na mchwa. Kilichobaki ni Kabati.

Niliufungua ukurasa wa fundi, ule usioonyesha kitu ila idadi. Kabati lilisema lina folda kumi na mbili. Nikazihesabu zilizokuwa zikifunguka. Kumi na moja. Nikahesabu tena huku nikigusa kila moja kwa ncha ya kalamu. Kumi na moja.

Nikaweka kidole pale penye kioo kitupu. Kabati likanirusha kwenye kwaya. Nikajaribu kutoka upande wa picha. Likanirusha kwenye mapishi. Miaka ishirini na saba mama yule alikuwa akiukaribia mlango huo na kuukwepa, mpaka Kabati likajifunza kwamba kukwepa ndiyo njia yenyewe. Nitasema kweli, nywele zilinisimama. Ilikuwa kama kushika mkono wa mtu na mkono huo ukajivuta.

"Mzee," nikasema, "ipo humu. Hakutaka kuiona, kwa hiyo Kabati haliioni. Nikimfuta, itafunguka sasa hivi."

Alikuwa akikunja ule ukingo wa kitenge kitini, akikunjua, akikunja. "Ukimfuta, kesho saa kumi itakuwaje?"

"Kioo hakitawaka."

"Basi hapana."

"Baba!" Sauti ya Namkunda ilitoka kwenye simu niliyoiweka mezani. "Baba, mjukuu wako huyu hapa, hata macho hafungui!"

"Nimesikia, mama."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye alificha, na wewe unamsaidia kuficha. Ni mashine, baba! Mama yuko kaburini!"

"Kaburini hasiti. Kaburini hapiti kwenye makande," mzee akajibu, na sauti yake ikapasuka. "Wewe una mumeo huko, Namkunda. Mimi nina saa kumi."

Nyuma ya Namkunda nilisikia chombo cha hospitali kikilia polepole, na sikusikia sauti ya mtoto, nayo ndiyo niliyokuwa nikiitafuta.

Sheria ilikuwa wazi. Ndani ya arobaini, mwenye kauli ni mjane au mgane peke yake. Akikataa, fundi hufunga mkoba wake na kushuka mlima. Nilimchukia yule mzee kwa muda, kisha nikaitazama kofia yake ya sufu na shati alilolifunga vifungo kombo, nikashindwa kuendelea kumchukia.

Alisimama. Akachukua mundu nyuma ya mlango.

"Naenda kukatia mbuzi majani," akasema. "Fundi, sijui kazi yako, na wala sitaki kuijua. Fanya unaloweza. Lakini nikirudi nimkute."

3

Lile la tatu ambalo halipo, kila fundi anajua namna ya kulifanya.

Unaingiza ufunguo wako, unaamsha hali ya kujifunza, na Kabati linaanza kukuchukulia wewe kama ndiye mwenyewe. Unakwenda mahali marehemu hakuenda. Unakwenda tena. Baada ya mara kadhaa linaamini kwamba hiyo nayo ni desturi yake. Ni rahisi, na ndiyo sababu imekatazwa. Zipo familia zilizowafundisha marehemu kufungua wosia ambao hawakuuandika. Kuna mjane mmoja alimfundisha mumewe kufungua picha za harusi kila asubuhi, na bwana yule akiwa hai hakuwahi kuzitazama hata mara moja. Unamchukua mtu asiyeweza kukataa, unamtembeza. Mimi mwenyewe niliwahi kutoa ushahidi, fundi mwenzangu akanyang'anywa ufunguo kwa kosa hilo, nami nikaona haki imetendeka.

"Dada fundi," Namkunda akasema kwenye simu. "Bado upo?"

"Nipo."

"Niambie tu kama haiwezekani, nijue."

Nikaingiza ufunguo. Nikaweka mkono wangu wa kulia kwenye kioo.

Mara ya kwanza Kabati lilinitupa kwenye kwaya, na wimbo ukaanza kupiga kwa nguvu mpaka nikashtuka. Mara ya pili likanitupa tena. Mara ya tatu lilisimama mlangoni, likatetemeka, likarudi. Nikajikuta naongea nalo. "Twende, mama. Twende tu, nipo nawe." Mtu angenisikia angesema fundi kapagawa. Mara ya tano alama ya mwanga iliingia nusu. Mara ya saba ikasikika *tk*, ndogo sana, na folda ya kumi na mbili ikafunguka.

Ilikuwa na maandishi ya siku tisa na picha moja.

Nikayasoma kwa sauti. Namkunda alikuwa amemwita daktari, na daktari akawa ananiuliza kutoka upande wa pili.

"Siku ya kwanza. Kilo tatu na robo. Amenyonya mara nane. Nimempa jina Niwaeli, baba yake akirudi atalikubali au atalibadili. Siku ya pili. Amenyonya mara tisa, ana nguvu. Siku ya tatu. Mara saba. Siku ya nne. Mara nne tu, anachoka upesi. Siku ya tano. Namwamsha anyonye, haamki. Nepi yake inanukia sukari iliyoungua. Nimenusa na chupi zangu, na sabuni, na maji. Ni mkojo wake."

"Rudia hapo," daktari akasema.

Nikarudia.

"Tena. Sukari iliyoungua? Ameandika hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Nilisikia daktari akigeuka, akimwambia mtu anuse nepi ya mtoto, akitaja maziwa ya aina moja na kukataza mengine, na viatu vikikimbia kwenye sakafu. Namkunda alisema kitu ambacho sikukielewa. Kisha simu ikakatika.

Kazi ilikuwa imekwisha. Nilipaswa kutoa ufunguo na kuzima hali ya kujifunza saa ile ile. Hilo hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza analijua. Lakini zilikuwa zimebaki siku nne, na sikuweza kuinuka na kumwacha yule mama siku ya tano.

Siku ya sita alikuwa amemkamulia maziwa na kumnywesha kwa kijiko. Siku ya saba aliandika saa za kijiko kila baada ya nusu saa, usiku kucha, mwandiko ukizidi kuwa mkubwa. Siku ya nane aliandika: "Anakaza mgongo. Analia sauti nyembamba. Mimi ni muuguzi na sijui hili ni nini." Siku ya tisa haikuwa na sentensi. Ilikuwa na saa tu. Saa kumi jioni.

Nikaiangalia hiyo saa kumi. Kisha nikaiangalia saa ya ukutani, na viti viwili, na nikaelewa kwa nini mama huyu miaka yote alikuja kukaa mbele ya kioo wakati ule, akapita kwenye nyimbo na makande, na akafika mlangoni.

Picha ilikuwa ya mtoto aliyefungwa sweta la manjano, ngumi shavuni. Sijui niliitazama muda gani. Nilikuwa nimeshikilia kioo kwa mkono wangu wa kulia na machozi yananitiririka kidevuni, mimi, Mwantumu, niliyewahi kumfuta mjomba wangu mwenyewe huku nakula karanga. Mbuzi walipoanza kulia uani ndipo nikashtuka, nikachomoa ufunguo.

Mzee Mbonea aliingia na mzigo wa majani kichwani. Hakuutua.

"Imekuwaje?"

"Wameshapata dawa yake. Wanaanza sasa hivi."

"Na yeye?" Alikuwa akitazama kioo.

Hapa ndipo nilipokosea, kuliko kule kote. Ningeweza kumwambia ukweli. Ningeweza hata kunyamaza. "Amefungua mwenyewe, mzee," nikasema. "Nilimwomba tu, akafungua."

Aliushika ule mzigo kwa mikono miwili. "Alimpa jina?"

"Niwaeli."

Akakaa chini sakafuni na majani yake, akalirudia jina lile mara mbili, kwa sauti ya mtu anayeonja chumvi. Nikafunga mkoba, nikaaga, nikashuka mlima bila kunywa hata chai.

4

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwezi ule kwangu ulikuwa mrefu. Nilirudi nyumbani Korogwe, nikafuta marehemu wanne, nikagandisha wawili. Kila ilipogonga saa kumi mkono wangu wa kulia ulikuwa mzito. Nikiwa sokoni niliwahi kusimama na nyanya mkononi mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa. Nilijua kwamba kule juu, kwenye chumba chenye ukungu, nilikuwa nimemlazimisha mama wa watu kuingia kila siku mahali alipopakimbia maisha yake yote, na mumewe amekaa pembeni akitazama, akiamini ni hiari yake.

Siku ya arobaini nilipanda Usangi. Uani palikuwa na watu, masufuria, na Namkunda mwenyewe, amekonda, mtoto mgongoni. Alinikumbatia mpaka miwani ikaanguka.

"Mwone, dada fundi. Maziwa yake ni ya kopo, yananuka kama chokaa, lakini akiyaona anapiga kelele kama aliyenyimwa."

Mtoto alinitazama kwa macho makubwa, akanipigia chafya. Nilifurahi kweli. Lakini furaha ile haikunifikia mpaka chini.

Nikamkuta mzee ndani, peke yake, kofia ile ile kichwani.

"Mzee, kabla sijaanza kazi, nina neno. Nilikudanganya."

"Kaa," akasema. "Saa kumi inakaribia."

"Afadhali niseme kwanza."

"Mwanangu, umeshangoja siku thelathini. Ngoja dakika mbili."

Nikakaa kwenye kigoda changu. Kioo kikawaka. *Tk.* Kwaya, dirisha kulia, wimbo wa tatu. *Tk.* Mapishi, haraka haraka. Alama ikashuka mpaka pale penye kioo kitupu. Ikasimama.

Ikaruka pembeni. Ikaenda kwenye picha za paa, ikatulia, kama siku zote.

Sikuelewa. Nilikuwa nimemfundisha mara saba. Nikafungua mdomo kusema kitu, mzee akaniinulia mkono. Kioo hakikuzima. Kiliendelea kuwaka, hakuna kinachotembea, labda hesabu ya kumi. Kisha ikasikika *tk* nyingine, nzito kidogo, na folda ya kumi na mbili ikafunguka. Dirisha lake likajitandaza upande wa kushoto.

Siku ya kwanza. Siku ya pili. Kila moja kwa mwendo wa mtu anayesoma kwa sauti. Siku ya tano ikasimama, ikarudi juu, ikasomwa tena, na tena. Siku ya sita, ya saba, ya nane. Saa kumi jioni. Na picha ya sweta la manjano, ambayo ilikaa pale kwenye kioo na haikuondoka.

Nilikuwa nimejiona.

"Umeona," mzee akasema polepole. "Wako wawili. Mama Namkunda anafika mlangoni, anasita, anapita pembeni. Halafu anakuja mwingine, anafungua, anakaa."

"Ni mimi, mzee." Sikuweza kumtazama. "Nilimfundisha. Nilidhani nimemfundisha yeye, kumbe hakukubali, Kabati likanishika mimi. Hakufungua mwenyewe. Hajawahi kufungua. Unisamehe."

"Najua ni wewe."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu kesho yake. Mwanangu, mke wangu alikuwa wa mkono wa kushoto. Miaka thelathini na mbili nimekaa pembeni yake, madirisha yote yanafungukia huku." Akaonyesha kulia. "La kwanza kufungukia kule nikajua kuna mgeni ndani ya nyumba."

Na mimi, fundi wa miaka kumi na minane, nilikuwa nimeiona ile mipangilio kwa macho yangu na kuisahau dakika ile ile nilipoweka mkono.

"Mbona hukunipigia nije nimwondoe?"

Nje watoto walikuwa wanagombania ukoko wa wali.

"Nikupigie nikwambie nini? Mimi mtoto wangu alizaliwa nikiwa shimoni. Akaugua, akafa, akazikwa, nikiwa shimoni. Nikarudi na zawadi ya shuka. Mama yake akafunga mlango, na mimi sikubisha hodi, nikajiambia namheshimu. Uoga tu. Miaka ishirini na saba mtoto yule yuko mle ndani peke yake." Akapangusa pua kwa kiganja. "Sasa kila saa kumi kuna mtu anaingia, anakaa naye. Ningemfukuza?"

"Si mtu, mzee. Ni mazoea tu ya mkono wangu."

"Hata mimi kwenda kanisani ni mazoea. Mungu hajalalamika."

Nikatoa ufunguo, nikauweka mezani kati yetu, kama desturi inavyotaka siku ya arobaini. "Basi uchague, baba. Kufuta au kugandisha. Ukigandisha, vyote vinabaki, havitembei. Ukifuta, anaondoka."

Aliinuka, akaenda kwenye kile kiti kingine. Akakitoa kile kitenge, akakikunja mara mbili, mara nne, akakishika kifuani. Ndipo nilipoona kwamba alishaamua siku nyingi, na kwamba alikuwa ananingoja mimi tu.

"Mama Namkunda mfute," akasema. "Amezunguka mlango ule vya kutosha. Kila siku namwona anafika, anashindwa, anapita. Nilikuwa namshikilia kwa ajili yangu mimi. Mpumzishe."

"Na yule mwingine?"

"Huyo mwache."

Kiapo changu kinasema fundi hamfundishi marehemu. Hakisemi lolote kuhusu fundi kujiacha yeye mwenyewe kwenye nyumba ya watu. Nilifikiri jambo hilo kwa muda mrefu, na sina hakika hata leo kwamba nilifikiri vizuri. Kisha nikaingiza ufunguo, nikatenganisha mkono wa kushoto na wa kulia, na nikamfuta Mama Namkunda, Elieshi Mbonea. Ilichukua muda wa kumenya chungwa. Folda kumi na moja zikajitokeza zikiwa na majina aliyozipa zamani, Kwaya, Mapishi, Paa, na nyingine; ya kumi na mbili ikabaki na mwendo wa mkono wangu. Mzee aliyasoma yote kwa sauti ya chini, akafika mwisho, akatikisa kichwa, akalia. Nikamwacha alie.

Kabati lililofutwa huzima, kisha huwaka upya na kwenda mahali linapopajua. Hili lilikuwa linapajua mahali pamoja tu.

"Njoo ukae hapa," mzee akaniambia, akigonga kile kiti kilichokuwa na kitenge.

Nikakaa. Kioo kikazima, tukajiona wote wawili ndani yake, kisha kikawaka. Sikukigusa. Mikono yangu ilikuwa mapajani.

*Tk.*

Dirisha likafungukia kushoto, na Mzee Mbonea akavua kofia.